Majibu ya kalcha ya damu: siku zinapotelea wapi

Mkuu uliyeuliza kwa nini majibu ya damu ya mama yako mdogo yalichukua siku nne, na kama hakuna mashine ya kuharakisha: pole sana kwa kuuguza. Niko maabara mwaka wa tisa sasa, upande wa kalcha, yaani kuotesha vimelea. Mashine zipo, ila muda mwingi hupotelea nje ya mashine.

Bakteria kwenye damu huwa wachache mno. Kwa mtu mzima unaweza usipate hata mmoja kwenye mililita nzima, ndiyo maana lazima tuwaoteshe kwanza. Mashine hupima kabonidayoksaidi wanayotoa wakizaana, na wengi huwanasa ndani ya saa 24 hadi 48. Lakini saa hizo zinahesabiwa chupa yenye damu ikishaingizwa kwenye mashine. Nimewahi kupokea saa mbili asubuhi chupa za damu iliyotolewa saa mbili usiku, zimelala juu ya meza ya wodi zikisubiri wa kuzileta. Nyingine zina mililita 2 badala ya 8 hadi 10, au mgonjwa alishachomwa antibiotiki kabla ya damu kutolewa. Hapo mashine itafanya nini?

Mashine ikilia, tunapaka tone kwenye kioo na kulitia rangi ya Gram, inayotenganisha makundi ya bakteria. Nikiona vijiti vyekundu, yaani bakteria wa kundi la Gram-hasi, sisubiri kuandika karatasi, napiga simu wodini palepale.

Zamani baada ya hapo tulipandikiza kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), tukasubiri kesho, ndipo tupime dawa, majibu kesho kutwa. Sasa tunatumia njia ya EUCAST, kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu: tunamwaga matone machache kutoka kwenye chupa yenyewe juu ya agari, tunaweka vidiski vya dawa (vipande vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki), tunasoma baada ya saa 4, 6 na 8. Vidiski ni vilevile vya siku zote. Ni lazima tu aina ya bakteria ijulikane, na duara (eneo linalozunguka kidiski ambapo bakteria wameshindwa kuota) lisiloeleweka hatulitolei jibu, tunalisubiri.

Kuna kichanga mmoja mwenye bakteria aitwaye Klebsiella simsahau. Saa ya sita, utando wa bakteria ulikuwa umefika hadi ukingoni mwa kidiski cha antibiotiki ya sefotaksimu, yaani haimwezi, huku nyingine, meropenemu, imezungukwa na duara safi. Nilimpigia daktari sahani ikiwa bado mkononi. Dawa ilibadilishwa jioni ileile.