Bioinfomatiki bila kumfilisi mzee

Mdogo wangu, umemaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia, baiolojia), unataka bioinfomatiki, yaani kuchambua data za jeni kwa kompyuta, na mzee hawezi ada ya India. Kwani lazima shahada ya kwanza iitwe hivyo? Soma baolojia ya molekuli au bayoteknolojia hapa nyumbani Tanzania, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), uombe Bodi ya Mikopo. Shahada ya pili ndiyo uifanye ya bioinfomatiki: Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wanayo, na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, Kenya, pia.

Kabla ya kujaza chaguo, pata orodha ya masomo ya kila mwaka. Tafuta takwimu na uandishi wa programu. Kozi isiyo na hata kimoja, mimi ningeiruka, jina lake liwe tamu kiasi gani. Ada ya kwenye karatasi nayo si yote. Jumlisha chumba, chakula, na kompyuta. Mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Weka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni bure.

Wakati unasubiri majibu, jifunze Python, lugha ya kuandikia programu. Data za jeni za malaria zimejaa NCBI, hifadhi ya data ya Marekani iliyo mtandaoni, hulipii kitu. Kazi ikiizidi mashine yako, ipeleke Galaxy, tovuti ya kuchambulia data, inafanyika kwenye seva zao.