Maswali ya Wasomaji: Miaka 58, na Bado Juu ya Farasi

SWALI: Kamwene, wahariri. Nimesikia Nick Skelton wa Uingereza alichukua dhahabu ya Olimpiki ya kuruka viunzi kwa farasi akiwa na miaka 58. Kwenye mpira, mtu akifika 35 anatundika daluga. Yeye aliwezaje? Na sisi wenye farasi wa shamba tunaweza kuwafundisha kuruka bila kuwaharibu miguu?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene, ndugu yetu. Anayeruka ni farasi. Kazi ya mpandaji ni kumfikisha mahali pa kurukia akiwa na mwendo unaofaa, kisha kutomvuta mdomo akiwa hewani. Jicho hilo la kupima umbali halichakai haraka kama magoti ya mchezaji wa mpira. Ian Millar wa Kanada alishiriki Olimpiki 10, kuanzia 1972 hadi 2012, na medali yake ya fedha aliipata Beijing akiwa na miaka 61.

Skelton alivunjika shingo mwaka 2000, akastaafu, akarudi 2002. Farasi wake Big Star, aliyempa dhahabu ya timu London 2012, naye aliumia baadaye, akapumzishwa mpaka akapona sawasawa. Kwetu sisi, subira ile ndiyo siri yenyewe. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 walibaki wapandaji sita kwenye raundi ya mwisho ya kuamua mshindi kwa muda. Skelton alitangulia, akamaliza kwa sekunde 42.82 bila kuangusha mti hata mmoja. Peder Fredricson wa Sweden alimfuatia kwa 43.35. Mwaka 2017 Skelton na Big Star wakastaafu pamoja.

Sasa farasi wako. Miti ya mlingoti unayo tele huko: chagua iliyonyooka, mita 3 hadi 3.5, unene wa sentimita 10, uimenye magome. Usiipigilie misumari wala kuifunga kamba. Mti ukigongwa lazima uanguke. Ukikataa kuanguka, anayeanguka ni farasi, pamoja na aliye juu yake.

Laza miti minne chini, kila mmoja mita 1.3 kutoka mwenzake, umpitishe kwa mwendo wa telki, yaani mbio za polepole. Akiikanyaga, ongeza au punguza sentimita 10 kulingana na hatua yake. Akishazoea, weka kiunzi cha msalaba (miti miwili iliyopishana kama X) cha sentimita 50, mita 2.7 baada ya mti wa nne. Mbele ya kiunzi, upande anaotokea farasi, laza mti mwingine sentimita 20 hivi kutoka kwenye kiunzi. Usiulaze nyuma yake kamwe, maana farasi hupima mruko kuanzia chini. Mstari wa chini ukiwa nyuma, atachelewa kuruka na kugonga.

Mara mbili kwa wiki zinatosha, miruko 15 hadi 20 kila mara. Siku nyingine mzungushe uwanja mtambarare. Udongo wa kwenu Machi huteleza, na Septemba hukauka kama zege, ukiumiza kwato na kano. Tandaza mchanga wa mto sentimita 8 hivi; ukizidi sana, kano zinavutika. Vumbi la mbao peke yake tunalikataa: likiloa na kuoza linateleza.

Kila baada ya mazoezi, pitisha kiganja nyuma ya mfupa chini ya goti, ulinganishe na mguu wa pili. Ukihisi joto au uvimbe, mmwagilie maji baridi dakika 20, mpumzishe, umwite daktari wa mifugo. Usimruhusu aruke kwa sababu tu hachechemei.

SWALI: Farasi wangu anagoma akifika mbele ya kiunzi. Nimchape?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Hapana, ndugu. Anza kwa kumbonyeza mgongo mahali tandiko linapokaa, kisha kagua meno na pembe za mdomo. Kama hana maumivu, shusha kiunzi hadi sentimita 30, umpeleke moja kwa moja katikati, hatamu zikiwa nyepesi. Akiruka mara tatu vizuri, ishia hapo kwa siku hiyo. Mashindanoni mgomo wa kwanza ni alama 4 za adhabu, sawa na kuangusha mti. Kwenye mashindano makubwa ya kimataifa, mgomo wa pili unamtoa.