Mwambie Mungu lile lenyewe

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, iligeuka nyekundu, volkano ya Nyiragongo ikatapika moto. Sisi tulikaa upande wa Buhene. Mtoto mmoja nilimfunga mgongoni, mwingine nikamshika mkono, tukakimbia. Mashini yangu ya kushonea ilibaki ndani pamoja na vitenge vya wateja 11, vingine nimekwisha kuvikata. Kesho yake nyumba yetu ya mbao haikuwepo tena. Palikuwa na makoro meusi, mawe ya volkano, yanayotoa moshi, na hata kiwanja chetu sikukitambua kilipoanzia.

Kanisani watu walisimama kushukuru, nami nikasimama. "Bwana ametenda mema, uhai tunao." Ilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Miezi mingi niliomba hivyo, maneno yamepigwa pasi, huku moyo umejaa hasira na hofu. Na hofu yenyewe haikuwa ya nyumba, ilikuwa ya wateja. Nilikuwa nazunguka njia ndefu nikienda soko la Virunga, nisikutane na mama aliyeniletea vitenge vya harusi ya binti yake. Hilo sikuwahi kumtajia Mungu. Niliona ni jambo dogo, tena la aibu.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanda kutoka ziwani na bidoni za maji, mimi na mama mkwe. Akatua yake chini, akapumua, akaniambia: "Mwanangu, jioni unaomba vizuri, usiku nasikia unalia. Mungu unampa maneno mazuri, machozi unaachia mto wa kulalia. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilipiga magoti kwenye mkeka nikasema: "Baba, nimekukasirikia. Vitenge vya watu vimeungua, pesa ya kulipa sina, na yule mama namwogopa. Leo shukrani sina." Nilitetemeka nikingoja adhabu. Badala yake nikapata usingizi, nikalala hadi jogoo wa kwanza.

Ndugu yangu, kama unaogopa kusema hivyo, soma Zaburi ya 13 kwa sauti: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi hakufukuzwa kwa swali hilo. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado imo katika Biblia. Hana, mama yake Samweli, alipoomba kwa uchungu, kuhani Eli alidhani amelewa. Mungu ndiye aliyemwelewa.

Wengi huniuliza kama huko si kunung'unika. Kumbukumbu la Torati 1:27 inasema Waisraeli walinung'unika hemani mwao: walimsema Mungu pembeni, wao kwa wao. Daudi alimwambia mwenyewe. Mtoto anayelia mlangoni kwa baba yake bado anajua ni mlango wa nani. Kwangu mimi, huko ndiko kutumaini.

Basi taja jambo kwa jina lake. Kama ni deni, taja kiasi. Kama ni wivu, sema wivu. Imani ikikosekana, sema kama yule baba wa kijana mwenye pepo katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Tena usikimbilie "mapenzi yako yatimizwe" ili ufunge maombi haraka. Pale Gethsemane Yesu aliomba kwanza kikombe kimwepuke, akarudi kuomba mara tatu, uso umeanguka chini. Kujitoa kwake kulipitia katika ombi lile. Tangu vita viingie mjini mwetu Januari 2025 nasikia tena maombi yaliyopigwa pasi, na yananiumiza, kwa sababu najua yanachofunika.

Wiki moja baada ya usiku ule nilikwenda kwa yule mama. Njiani nilikuwa naongea na Mungu peke yangu kama kichaa: "Miguu inakataa, nisukume." Alikasirika, akalia, kisha akaleta kiti. Tulikubaliana nimlipe kidogo kidogo, nikamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, kwa mashini ya kuazima.

Mteja mwingine hanisalimii hadi leo. Nilimlipa yote. Jina lake nalitaja kila asubuhi kabla ya kuwasha makala ya kupikia, na kila asubuhi naanza na neno lilelile: Baba, huyu bado ananiuma.