Maswali ya Wasomaji: Mbio za Kufunga Msimu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ndogo ya wakimbiaji wa ridhaa. Kila msimu tunaufunga kwa mbio za kilomita 5 bustanini. Washindi huwa ni wale wale wawili, na wengine wote wanazijua nafasi zao hata kabla ya filimbi kupigwa. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja aliyekuwa wa mwisho alifika akakuta kamba zimekwisha kukunjwa na watu wako kwenye picha; tangu siku hiyo hajaonekana mazoezini. Tufanyeje ili mbio hizi ziwe za wote?

JIBU: Ndugu Katibu, anzeni na huyo mwenzenu. Mwendeeni, mumwombe radhi, kisha mwambieni waziwazi kwamba safari hii mstari utakuwa wazi mpaka yeye afike. Klabu iliyoanzishwa kwa urafiki haina sababu ya kuwa na haraka kuliko mwanachama wake wa polepole.

Kuhusu washindi wale wale, ninawashauri mwanze kwa kupishana. Chukueni muda bora wa kila mkimbiaji katika kilomita 5 za msimu huu, halafu mtangulizeni yule mwenye muda mrefu kuliko wote. Tuseme yeye hutumia dakika 36: saa inapoanza, naye anaondoka. Anayetumia dakika 29 ataondoka dakika 7 baadaye, na yule hodari wa dakika 19 atasubiri dakika 17 nzima, akiwatazama wenzake wakipotelea kwenye miti. Kila mmoja akikimbia sawasawa na alivyokwisha kukimbia, wote watafika saa ikisoma dakika 36. Kwa hiyo atakayetangulia kufika ni yule aliyeushinda muda wake mwenyewe kwa tofauti kubwa kuliko wengine. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote, na ndiyo maana ninaupenda utaratibu huu kuliko mwingine wowote kwa mbio za mwisho wa msimu.

Unayo matatizo yake, nayo yanahitaji maandalizi. Msitumie muda wa mbio za karibuni peke yake, kwa sababu mtu anaweza kujikokota makusudi ili apewe nafasi nzuri; tumieni muda bora wa msimu mzima. Mwanachama mpya asiye na muda wowote akimbie jaribio wiki mbili kabla. Kwa kuwa wengi watafika kwa mkupuo, tengenezeni kwa kamba njia nyembamba baada ya mstari wa kumalizia, ili watu wapite mmoja mmoja bila kupitana, huku mmoja wenu akibonyeza saa kila mtu anapovuka mstari na mwingine akigawa kadi zenye namba za nafasi. Muda halisi wa kila mkimbiaji mtaupata kwa kutoa zile dakika alizosubiri. Njia za bustanini zikiwa finyu, waambieni wanaotangulia washike upande mmoja, kwani wenye kasi watawapita karibu na mwisho, wakati ambapo kila mtu amechoka na hana subira.

Tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita 5 katika Bushy Park jijini London, kwa wito wa Paul Sinton-Hewitt, ambaye wakati huo alikuwa na jeraha lililomzuia kukimbia lakini hakutaka kukosa kuwa pamoja na wenzake. Kutokana na siku hiyo zikakua mbio za parkrun, ambazo sasa hufanyika katika bustani za nchi nyingi. Humo, mtu wa kujitolea hupangwa kutembea nyuma ya wote hadi mwisho, kwa hiyo hakuna mshiriki anayeachwa peke yake njiani, na anayefika mwisho ni huyo aliyejitolea. Chagueni mtu wa namna hiyo tangu sasa, na ikiwezekana awe mmoja wa wale washindi wenu wawili.

SWALI: Njia yetu tuliipima kwa saa za mkononi. Moja ilisoma kilomita 4.9, nyingine 5.1. Tuamini ipi?

JIBU: Msiamini yoyote kati ya hizo. Saa hizo hukisia mahali mlipo kwa ishara za setilaiti, na chini ya miti mikubwa au kwenye kona nyingi, makosa madogo madogo hujumlishana. Wapimaji wa mbio rasmi hutumia baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, iliyosawazishwa kwanza kwa umbali unaojulikana. Hupita njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kuifuata, sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa kona, kisha huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Ndiyo kusema kilomita 5 zao huwekwa kuwa mita 5,005. Ninyi gurudumu la kupimia la kusukuma kwa mkono litawatosha, mradi mpime mara mbili na kuweka alama mahali pa kudumu, kama vile kwenye nguzo au kona ya ukuta. Jiwe linaweza kuhamishwa, na mwakani mtashindwa kulinganisha muda wenu na wa mwaka huu.

SWALI: Nilikosa mazoezi wiki mbili kwa sababu ya mafua makali. Imebaki wiki moja. Je, nikimbie mara mbili kwa siku ili nifidie?

JIBU: La, usifanye hivyo. Mazoezi mazito ya wiki ya mwisho hayana muda wa kukuongezea nguvu, ila uchovu wake utafika nawe kwenye mstari wa kuanzia. Kimbia kidogo mara tatu, ukiingiza vipande vichache vya kasi, na upumzike siku moja au mbili kabla ya mbio. Ikiwa bado una homa, kikohozi cha kifuani au moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, usishindane. Mwone daktari kwanza, kisha umwombe katibu wenu akupe kazi ya kugawa kadi za nafasi, maana kazi hiyo mara nyingi hukosa mtu.