Ukitaka kumuenzi Shaaban Robert, kwanza tafuta mghani

Msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: yeye na wenzake wanataka kuandaa jioni ya kumuenzi Shaaban Robert, waanzie wapi? Kauliza pahala pake. Ya kwetu hapa Ngamiani, Tanga, ilijaa mpaka watu wakakalia baiskeli zao barabarani, na nasema bila haya: ilijaa kwa sababu hatukuwa na mgeni rasmi.

Mwanzoni tulikuwa naye. Mkubwa mmoja alituahidi ukumbi, viti na spika, mambo yalipokaribia simu yake ikawa haipatikani. Siku hizi tukikutana ananichangamkia, "Vipi, mshairi?" Haya. Tukahamia barazani kwa shangazi yangu, spika tukakodi, akina mama wakachangia chai na kachori.

Sasa ushauri. Tafuta mghani, mtu anayejua kuliimba shairi kwa mahadhi yake. Tenzi za mzee yule hazisomwi kama tangazo la mkutano wa kijiji. Binti wa darasa la sita alianza Utenzi wa Hati, ule wa kumuusia bintiye, akausoma kishuleshule, sauti ikianguka kila mwisho wa mstari. Bibi mmoja, kanga kaivuta hadi kwenye paji, hakumkatiza. Aliupokea tu ubeti: vipande vitatu vya mwanzo akaviendesha haraka, vina vikifuatana, cha nne akakivuta mpaka pumzi ikamwishia. Binti akatega sikio, akamfuata. Mara wakawa wanaghani pamoja, na muuza kahawa akaacha kugonga vikombe vyake.

Pili, msimfanye walii. Ni mtoto wa Machui, kazaliwa 1909, akawa karani wa forodha Pangani, kaishi kwa mshahara kama sisi. Mwenyewe alituonyesha namna ya kumsifu mtu: kwenye Wasifu wa Siti Binti Saad, 1958, hakuona aibu kusema kwamba nyota ile ya taarabu ilitoka Fumba na iliuza vyungu. Mkipata na kile kitabu cha barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, kilichotoka 2002, someni moja mbele za watu. Mtamsikia mtu, si sanamu.

Tatu, narudia, mghani! Vijana wenzangu, mnakwenda Machui kupiga picha, mnavaa fulana yenye sura yake, na riwaya yake ya Kusadikika hamjaisoma hata kufika pale mshtakiwa Karama anaposimama kujitetea. Mtu alifariki Juni 1962, nchi haijatimiza hata mwaka wa uhuru, na kitabu chake Kufikirika kikachapwa 1967 yeye akiwa kaburini. Kazi aliyotuachia ni kusoma, nasi tunagombania nani akae meza kuu. Someni, jamani. Ghanini. Wazee wanaojua mahadhi wapo, wamekaa vibarazani, hakuna anayewauliza.

Ndugu wa Muheza, namba ya mwenye spika nitakutumia. Mlipe mapema, maana ana tabia ya kuzima katikati ya shairi.