Shangazi, paka ananiamsha saa 9:30 usiku

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, nimepanga chumba kimoja Ngamiani, Tanga. Miezi miwili iliyopita nilimkuta mtoto wa paka kwenye mtaro nyuma ya kibanda changu, mvua inanyesha, nikamchukua. Sasa ana kama miezi minne. Nampa chakula saa 1 asubuhi nikitoka na saa 12 jioni nikirudi. Lakini kila siku saa 9:30 usiku ananiamsha. Analia, anapanda neti, ananing'ata vidole vya miguu juu ya shuka. Nikimpa dagaa na maziwa ananyamaza, nami nabaki macho mpaka adhana. Wiki iliyopita nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikanipita kidoleni. Jirani anasema nimtie kwenye mfuko nikamwache soko la samaki. Nilimwachia jirani huyo kwa siku mbili nikaenda kulala kwa dada yangu Muheza, nikidhani nitapumzika, nako nikaamka saa ile ile, labda mwili umeshazoea. Mama yetu alifariki mwezi wa tatu baada ya kumuuguza mwaka mzima, na tangu hapo huyu ndiye anayenisubiri mlangoni. Watu wananicheka nikisema silali kwa sababu ya paka. Nikimtoa nitakuwa nimekosa?
Fundi, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye mstari mmoja ambao wewe umeupita haraka. Nitaufikia.

Kidole kwanza. Sindano ya cherehani ikipita kidoleni mara nyingine huacha ncha ndani. Kama bado kinauma ukikibonyeza, au kimevimba, nenda zahanati leo wakitazame, na uwaulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Na wanaokucheka waache. Kuamka saa 9:30 kila siku na kukaa cherehani mpaka jioni kunamchosha mtu yeyote, awe ameamshwa na mtoto, na jenereta au na paka.

Sasa swali lako. Kumtafutia paka mtu mwingine wa kumlea si kosa. Kumtia kwenye mfuko na kwenda kumtupa ni kosa, na kwa hili nakuomba jirani yako usimsikilize. Watu hudhani kwa kuwa sokoni kuna utumbo wa samaki basi paka hatakosa kula. Utumbo upo, ila una wenyewe: madume wakubwa waliozaliwa pale pale, ambao paka wa miezi minne aliyelelewa chumbani hawezi hata kuwakaribia. Siku ukishindwa kabisa, mtafutie mwenye duka la nafaka anayesumbuliwa na panya, mkabidhi mkononi. Ila mimi sioni kama umefika huko.

Paka huchangamka zaidi jua linapozama na kabla halijachomoza, kwa kuwa mawindo yake hutoka nyakati hizo. Saa nyingine nyingi hulala. Paka mzima hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku, na mdogo huzidi. Hebu itazame siku ya wa kwako. Unafunga mlango saa 1, chumba kinabaki kimya na pazia limeshushwa, anasinzia mpaka saa 12 jioni. Unarudi umechoka, unampa chakula, unapika, unapanda kitandani. Wewe siku yako imekwisha, yake ndiyo kwanza inaanza, na hana mwenzake mle ndani ila wewe na vidole vyako.

Halafu kuna tumbo. Paka wa umri huo anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, maana tumbo lenyewe ni dogo na mwili unakua mbio. Unamlisha saa 12 jioni, anakuamsha saa 9:30. Hesabu mwenyewe: muda wa saa tisa na nusu hajatia kitu kinywani. Huyo ana njaa ya kweli, usimwite mkorofi.

Na dagaa wa usiku ndio waliotia muhuri. Alilia, ukaamka, akala. Kesho yake akalia tena. Nalijua hili kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa na paka jike wa kijivu aliyekuwa akipanda kwenye kabati la vyombo saa 10 usiku na kusukuma vikombe kwa mkono, kimoja kimoja, huku ananitazama. Nilimwamkia karibu miezi mitano. Nikasafiri kwenda Pangani kwenye msiba, nikamwacha na binti anayelala fofofo, hata mvua ya mawe haimwamshi. Niliporudi baada ya wiki mbili paka alikuwa analala mpaka kweupe. Yule binti hakufanya lolote. Paka aligonga mlango usiofunguliwa, mwishowe akaacha kugonga.

Kwa hiyo chakula chake kigawe upya. Asubuhi ukitoka mpe, lakini kisiwe kitu cha kwanza unachofanya ukifungua macho. Amka, swali, oga, injika chai, kunja shuka, ndipo uguse sahani yake. Akiona kuamka kwako na chakula chake vimeachana, hatakuwa na sababu ya kukuharakisha. Ukirudi saa 12 mpe kidogo tu, cha kutuliza. Chakula kikubwa cha siku kiwe saa 4 usiku, unapojiandaa kulala. Dagaa waloweke watoke mchanga na chumvi, uwachemshe peke yao bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Ugali kidogo si vibaya, ila shibe yake ni samaki na nyama. Maziwa acha leo. Paka wengi wakishaacha kunyonya matumbo yao hayawezi tena sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, wanaharisha, na tumbo linaloungurama ni sababu nyingine ya kulia usiku. Kunywa, maji yanamtosha.

Kabla ya hicho chakula cha saa 4, mchezeshe. Hapa ndipo wenye paka wengi wanapokosea, wanadhani mchezo ni anasa. Robo saa inatosha. Chukua kipande cha kitenge chenye upana wa vidole viwili, kifunge kwenye kijiti, ukiburute sakafuni kama kitu kinachokimbia, kipite nyuma ya mguu wa cherehani, kisimame, kitikisike kidogo. Utamwona anajibana chini, makalio yanayumba, masikio yamelala mbele, kisha anaruka. Mwache akikamate mara kadhaa, akiume, akipige mateke kwa miguu ya nyuma. Akianza kuhema mpe chakula. Ndivyo paka anavyoishi porini: anawinda, anakula, anajilamba, analala. Ukimpitisha njia hiyo saa 4 usiku, usingizi wake unakaribiana na wako. Na mkono wako au mguu wako usiwe kitu cha kuchezea hata siku moja, ukitaka vidole viache kuwa panya wa chini ya shuka.

Ukitaka kumwachia kitu cha kumshughulisha alfajiri, chukua trei ya mayai, uweke dagaa wakavu watano au sita kwenye vishimo tofauti, ufunike na vipande vya karatasi. Atahangaika nao mwenyewe. Trei hiyo iweke juu ya sufuria iliyopinduliwa katikati ya sinia lenye maji, la sivyo sisimizi watafika kabla yake.

Kuna jambo la ufundi wako ambalo lazima nikuonye. Uzi. Paka hupenda uzi, na ulimi wake una miiba inayoelekea ndani, kwa hiyo akishauanza uzi ni vigumu kuutema, anaumeza. Uzi mrefu unaweza kuyakunja matumbo kama unavyokunja marinda, na hilo huua. Kabla hujazima taa fagia sakafu, vibiringi viwe kwenye kopo lenye kifuniko, na sindano iliyotungwa uzi isilale mezani. Hata kile kitenge cha mchezo kifiche. Ikitokea ukaona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo hivyo hivyo.

Sasa usiku wenyewe. Ukishapanga chakula hivi, akilia saa 9:30 usifanye kitu. Usimwite, usimkemee, usimsukume na mguu. Kwake hata kukemewa ni kujibiwa. Kumpiga ndiyo kabisa usijaribu, atakachojifunza ni kukuogopa tu. Neti ichomeke chini ya godoro pande zote ziwe zimekaza, na matundu aliyoyatoboa yashone leo, mbu wa Tanga unawajua. Nakwambia mapema ili usivunjike moyo: siku za mwanzo atalia zaidi kuliko sasa. Alizoea mlango kufunguka, ukikataa atagonga kwa nguvu. Ukivumilia siku nne halafu ya tano ukaamka kumpa dagaa, utakuwa umemfundisha kwamba kulia siku tano kunalipa. Jipe wiki mbili. Wapangaji wenzako waambie kabla, hasa wa chumba cha ukuta mmoja, wasije kudhani kuna mtu anamtesa mnyama.

Na sasa ule mstari nilipokwama. Ulikwenda Muheza, paka ukamwacha Tanga, na bado uliamka saa 9:30. Umeandika labda mwili umeshazoea. Umezoea lini, mwanangu? Paka ana miezi miwili kwako. Mama ulimuuguza mwaka mzima. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa usiku, hupewa dawa, hupanguswa jasho, na mwenye kumuuguza hulala sikio moja liko wazi. Ulikuwa ukimwamkia mama saa ngapi?

Kama ni saa hizo, basi huenda anayeanza kuamka ni wewe. Unageuka, unavuta pumzi ndefu, unawasha simu kutazama saa, mwanga unaenea ndani ya neti. Paka anayesikia panya akitambaa ndani ya gunia hawezi kukosa kukusikia. Anaona mwenyewe yu macho, anakuja kudai chake. Sikuwepo chumbani, kwa hiyo sitaapa kuwa ndivyo ilivyo, ila jaribu kulichunguza. Simu iweke mbali na kitanda, juu ya cherehani huko. Ukiamka usitafute saa. Lala kimya, na ukimkumbuka mama mwombee, kumkumbuka si ugonjwa. Kisha mpigie dada yako, umsimulie ule mwaka, hasa yale ya usiku ambayo yeye huko Muheza hakuyaona. Nahisi hujawahi kumsimulia, maana hata mimi umeniandikia mstari mmoja tu. Na kama wiki zinapita huli vizuri, huna hamu na kazi, usiku unakesha hata paka akiwa amelala, nenda zahanati ueleze hivyo hivyo. Watu huenda kwa homa, na kwa huzuni pia wanaenda.

Paka naye apelekwe ofisi ya mifugo ya kata yako. Anahitaji dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa na huambukiza. Mwenye minyoo hashibi, tumbo lake huvimba na usiku halali. Uliza na kuhusu kuhasiwa. Akifika miezi mitano au sita, kama ni dume ataanza kutafuta majike na kukojolea pembe za chumba, na kama ni jike kilio chake cha kutafuta dume kitakufanya uutamani usiku wa leo. Viroboto ukiviona, usimpake dawa ya mbwa. Nyingi zina permethrin, ambayo mbwa anaistahimili na paka inamuua. Wapo watakaokushauri uchukue paka wa pili wachezeshane. Ni ushauri mzuri kwa mwenye uwanja na kipato. Wewe katika chumba kimoja, ukiwa bado hujatulia, nasema hapana.

Anza Jumamosi, maana Jumapili kibanda hukifungui na usiku wa kwanza utakuwa mgumu. Saa 4 usiku, unapomwekea ile sahani kubwa, mwite kwa jina, jina hilo hilo kila siku, mpaka ajue kwamba likitajwa saa hiyo ndipo chakula hutoka. Barua nzima umemwita "huyu" na "paka". Ukishampa jina, niandikie.