Kokoto au kifusi cha matumbawe kwa njia ya gari Kigamboni?

Swali: Nimejenga Kigamboni na ninataka kuagiza mzigo wa kutandaza kwenye njia ya gari yenye mita za mraba 40, pamoja na bustani iliyo kando yake. Muuzaji mmoja ananishauri kifusi cha matumbawe kwa kuwa bei yake ni nafuu, mwingine kokoto. Nichukue kipi?

Jibu: Chukua kokoto ngumu za mawe yaliyopondwa, kama zile zitokazo Lugoba. Jiwe la matumbawe ni laini. Magurudumu hulisaga likawa unga, na masika ya Machi hadi Mei huugeuza unga huo kuwa tope jeupe linaloingia hadi sebuleni. Tena ni chokaa, ambayo mvua huishusha kwenye udongo wa bustani na kuifanya mimea ishindwe kufyonza madini ya chuma, ndiyo maana maua ya iksora yaliyopandwa karibu na kifusi hicho hupata majani ya manjano hata yakimwagiliwa kila siku.

Usitandaze kokoto juu ya mchanga mtupu, kwa kuwa zitazama. Shindilia kwanza tabaka la moramu (udongo wenye changarawe), ukiliinamisha sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaelekee mbali na nyumba, kisha jenga ukingo wa mawe pande zote mbili. Kokoto za mviringo kutoka mtoni hupendeza machoni, lakini huviringika chini ya tairi. Zenye pembe hushikana.

Kwa kina cha sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 4, na ukiongeza robo kwa ajili ya kushindilia zinakuwa 5, yaani takriban tani 7.5. Tipa la tani 7 litapungua kidogo.

Bustanini weka mboji au samadi iliyooza, kisha matandazo ya makumbi ya nazi yanayotunza unyevu wakati wa kiangazi, ila yakae mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa. Mchanga wa pwani usiukubali hata ukipewa bure: una chumvi, na kuuchota kunaimomonyoa fukwe ileile inayoilinda Kigamboni.

Mzigo ukifika, pima urefu, upana na kimo cha kokoto ndani ya bodi la lori kabla hazijamwagwa.